Waliouweka Mzigo Chini: Watoro wa Njia ya Misafara Ugogo

Tarehe 10 Februari 1865, katika bandari ya Portsmouth, jimbo la New Hampshire, karani wa manowari ya Marekani iliyoitwa Minnesota alishuka nchi kavu pamoja na baharia kijana, Lewis Noe. Hawakurudi melini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa bado vinapiganwa, na kwa sheria ya jeshi la wanamaji wote wawili walikuwa watoro. Karani yule aliandikishwa kwa jina la Henry Stanley. Miaka sita baadaye, Mei 1871, alikuwa akiingia Ugogo na msafara wa kumtafuta Daktari Livingstone, na miongoni mwa kazi zilizomsumbua zaidi njiani ilikuwa kuwasaka na kuwachapa wapagazi waliomtoroka.

Nimeifuata njia hiyo kwa gari na kwa miguu, kutoka Mpwapwa kupitia Chunyo na Mvumi, nikapita Bihawana hadi Kilimatinde kwenye ukingo wa bonde la Bahi. Ni safari ya nchi kavu, mbali na bahari yoyote, lakini sheria iliyotawala misafara ya hapa ilifanana sana na sheria ya melini: mkuu mmoja, adhabu ya viboko, na mtu asiyeruhusiwa kuacha kazi hata ikimwelekeza kaburini. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimewapa wapagazi waliotoroka majina matatu: wavivu, waoga na wezi. Baada ya kuyapita maeneo walikotorokea, mimi nina neno tofauti. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wasiokuwa na mahakama wala chama, na miguu yao ndiyo iliyokuwa malalamiko yao.

Sheria ya melini

Tuanze na bahari, maana Stanley alitokea huko. Sheria ya jeshi la wanamaji la Marekani ya mwaka 1800 ilimruhusu nahodha kumchapa baharia viboko visivyozidi 12 kwa amri yake mwenyewe, bila kesi. Mahakama ya kijeshi iliweza kuamuru vingi zaidi, na kwa kosa la kutoroka iliweza kuamuru hata kifo. Pamoja na vitisho hivyo vyote mabaharia waliendelea kutoroka kila meli ilipotia nanga. Walichoka na chakula kibovu, mishahara iliyocheleweshwa na safari zilizochukua miaka. Hatimaye, tarehe 28 Septemba 1850, Bunge la Marekani lilifuta adhabu ya viboko katika manowari zake. Wabunge walikubali kwamba kiboko hakimfanyi mtu apende kazi.

Habari hizo hazikuwa mbali na pwani yetu. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wake wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Meli za biashara na za kuvua nyangumi zikawa zinatia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Mwaka 1843 Mmarekani mmoja, J. Ross Browne, alichoshwa na maisha ya meli ya nyangumi hata akatafuta mtu wa kushika nafasi yake ili aachiwe Unguja. Baadaye aliandika kitabu kuhusu mateso ya mabaharia wale.

Meli hizohizo zilileta nguo nyeupe ya pamba tuliyoiita merikani. Nguo hiyo iliingia bara kwa mabega ya watu, na huko Ugogo ndiyo iliyotumika kama fedha. Kwayo msafara ulinunua mtama na maji, ukalipa hongo kwa mtemi na ujira kwa mpagazi.

Mzigo wenyewe

Mpwapwa iko chini ya milima, na maji yanayoshuka kutoka huko ndiyo yaliyoifanya kuwa kituo kikubwa. Misafara ilipumzika hapa, ikanunua chakula, ikahesabu watu. Mbele yake ilikuwa Marenga Mkali, nyika ya karibu kilomita 50 isiyokuwa na maji ya kutegemewa. Ukisimama Mpwapwa leo, na mibuyu yake na bustani zake, utaelewa kwa nini mtu mwenye mzigo aligeuka nyuma na kutazama mara ya pili.

Mzigo huo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Robota la nguo lilikuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi kidogo. Lilikunjwa na kupigwapigwa mpaka likawa gumu kama gogo, likafungwa kwa kamba za makumbi ili lisilegee njiani. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba. Nyaya za shaba ziliviringwa na kuning'inizwa katika ncha mbili za mti, mpagazi akauweka mti begani. Pembe za ndovu zilikuwa fahari ya Wanyamwezi wenye nguvu kuliko wote. Juu ya mzigo wa bwana, kila mpagazi alikuwa na wake: mkeka, chungu, silaha, na posho yake ya siku chache. Mbele yao wote alitangulia kirangozi amevaa ngozi na manyoya, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wazungu walioandika vitabu hawakubeba robota hata siku moja, na sehemu ya njia walipanda punda au kubebwa kwa machela wakiugua. Sisi tunaosoma vitabu vyao tukumbuke hilo kila tunapokutana na neno mvivu.

Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, yaani chini ya kilo moja ya mtama au uwele. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka yenyewe, alipewa kipande cha nguo akajinunulie vijijini. Mwaka wa mavuno mazuri nguo ile ilitosha. Mwaka wa njaa bei ilipanda, kipande kikabaki kilekile, na mtu akatembea kutwa nzima na tumbo tupu.

Nchi iliyouza maji

Kati ya Chunyo na Mvumi barabara inapita kwenye uwanda mkavu wenye miiba na udongo mwekundu. Maji ya Chunyo yana chumvi, na wasafiri wa karne ya 19 waliyalalamikia. Kiangazi, watu wa huku bado wanachimba visima vifupi katika mchanga wa mito iliyokauka na kuchota maji kwa kata, polepole, yakijikusanya chini. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akilinda kisima cha namna hiyo, "Mbukwenyi, babu." Akaitikia, akaniacha nitazame, kisha akasema, "Hapa mwanangu maji hayapotezwi. Aliyechimba ndiye mwenyewe. Ukitaka kunywesha ng'ombe wako, unakuja kuongea kwanza."

Maneno yale yalinifungulia jambo ambalo vitabu vya wasafiri vinalieleza kwa hasira. Watemi wa Ugogo walidai hongo kwa kila msafara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walilipa mwaka 1857, na Magomba wa Kanyenye akawa maarufu katika vitabu kwa madai yake. Stanley alilipa Mvumi na karibu kila himaya iliyofuata. Wasafiri waliita jambo hilo unyang'anyi. Lakini msafara wa mamia ya watu na punda ulikausha visima vilivyochimbwa kwa jasho la wengine, ukala akiba ya nafaka ya nchi yenye mvua haba, kisha ukaondoka. Hongo ilikuwa bei ya kupita.

Aliyeumia kati ya pande hizo mbili alikuwa mpagazi. Mazungumzo ya hongo yalichukua siku kadhaa, na siku hizo zililiwa kutoka katika posho yake. Mkuu wa msafara aliyelipa nguo nyingi kwa mtemi alitafuta pa kubana matumizi, na hakukosa pa kubana.

Kwa nini Ugogo

Msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ulichukua kwa kawaida miezi mitatu au zaidi. Watu walitoroka sehemu zote za njia hiyo, lakini Ugogo na nyika zake ndiko kulikovunja misafara, na sababu zake zinaeleweka.

Ya kwanza ni nyumbani. Wanyamwezi wengi walioajiriwa pwani walikuwa wanarudi kwao. Walikuja pwani na pembe za ndovu wakati wa kiangazi, na walitaka kuwahi mashamba kabla ya mvua. Msafara uliochelewa ukifika Ugogo mwezi Desemba, mkulima aliyebeba robota aliona mawingu na akajua kwamba mkewe anapanda peke yake. Mbele yake ilibaki nyika moja tu, Mgunda Mkali, na baada yake ni kwao.

Ya pili ni misafara iliyokuwa inarudi pwani. Njia nyingi zilikutana Ugogo, kwa hiyo mtu wa pwani aliyechoka aliweza kujichanganya na msafara wa kushuka na kufika Bagamoyo salama.

Ya tatu ni njaa na kiu. Mtu hatoroki kwenye shibe.

John Hanning Speke aliyaona haya yote mwaka 1860. Aliondoka Bagamoyo mwezi Oktoba pamoja na James Grant, akafika Ugogo wakati nchi ina ukame na chakula ni ghali, akaingia Mgunda Mkali mvua zilipokuwa zimeanza na njia zimejaa maji. Watu waliishi kwa nyama ya wanyama aliowapiga risasi. Usiku baada ya usiku walipungua. Alipofika Kaze, huko Unyanyembe, mwezi Januari 1861 alifanya hesabu: Wanyamwezi 98 aliowaajiri mwanzoni wametoroka, na vilevile watu 25 kati ya wale aliopewa na Sultani Majid wa Unguja kutoka mashamba yake. Nyumbu wote 12 wamekufa na punda watatu pia. Hakuweza hata kumaliza Mgunda Mkali bila msaada. Ilibidi amtume mtu wake Bombay atangulie Kaze kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, ili aletewe watu wa kubeba mizigo iliyolala porini.

Tazama pia ni nani waliotoroka. Wale 25 walikuwa watumwa waliotolewa mashambani kwa amri ya bwana wao. Hawakuomba safari ile. Waliporudi nyuma walikuwa wanajirudishia sehemu ndogo ya maisha yao. Wanyamwezi walikuwa watu huru waliokubaliana ujira, na wao pia waliondoka pale makubaliano yalipovunjwa na njaa.

Burton kabla yake alilalamika kwamba kila aliyemfuata, tangu Said bin Salim aliyeongoza msafara hadi mtumwa wa chini kabisa, aliwahi kutoroka au kupanga kutoroka. Hata askari wake wa Kibaluchi, waliotolewa na Sultani kumlinda, hawakusalimika katika lawama hiyo. Burton aliyatumia maneno hayo kama ushahidi dhidi ya watu wake. Mimi nayasoma kama ushahidi dhidi ya safari. Anapotoroka mmoja, tunaweza kumlaumu mmoja. Wanapotaka kutoroka wote, Mwarabu na Mbaluchi, huru na mtumwa, kosa liko kwenye kazi yenyewe na kwa aliyeipanga.

Mjeledi na mnyororo

Msafara wa Stanley wa 1871 ulikuwa na watu wapatao 192, uliogawanywa katika mafungu matano. Wasaidizi wake wawili wa Kizungu walikuwa mabaharia: William Farquhar, Mskoti, na John Shaw, Mwingereza aliyekuwa ofisa mdogo katika meli ya Kimarekani. Wote wawili waligombana naye. Farquhar aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, na huko ndiko alikofia. Shaw naye aligeuka njiani baada ya kuondoka Tabora, akafia Unyanyembe. Nidhamu iliwashinda Wazungu wenyewe katika msafara ule kabla haijawashinda wapagazi.

Kabla msafara haujafika Morogoro, mtu mmoja aitwaye Khamisi alitoroka na kukamatwa. Stanley aliita baraza la askari na wapagazi, akawaweka kuwa waamuzi. Wakahukumu achapwe kwa mjeledi wa punda, akachapwa. Utaratibu huo unafanana na mahakama ya melini, ambapo wenzake mtu hukusanywa washuhudie adhabu. Lengo ni lilelile: aone mmoja, waogope wote.

Hawakuogopa. Ugogo uliendelea kuwapunguza, na Stanley akaendelea na mjeledi, mpaka akamchapa nao kijana wa Kigogo aliyemdhihaki njiani. Baada ya Tabora alichukua hatua iliyokuwa kubwa zaidi. Watoro waliorudishwa walichapwa, kisha wakafungwa mnyororo wa shingoni, ule uliotumiwa kwa watumwa. Mtu aliyeajiriwa kwa ujira, akaahidiwa nguo zake mwisho wa safari, alitembea amefungwa kama bidhaa inayopelekwa sokoni.

Hapa ndipo ile habari ya Portsmouth inapopata uzito. Stanley alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1864, miaka 14 baada ya viboko kufutwa katika manowari za Marekani. Hakuna aliyemchapa kiboko kwa amri ya nahodha. Alipochoka aliondoka, akaanza maisha mapya, akawa mwandishi wa magazeti, akajulikana dunia nzima. Uhuru alioutumia yeye aliwanyima watu waliobeba chakula chake na dawa zake. Sisemi hivi kumfuta katika historia, maana aliyoyaandika kuhusu nchi hii yanatusaidia hadi leo. Nasema hivi kwa sababu maneno yake kuhusu utoro yamefundishwa kana kwamba yametoka kwa hakimu asiye na upande.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Utoro ulikuwa na gharama, na mara nyingi haikulipwa na mkuu wa msafara. Mzigo ulioachwa njiani uligawanywa kwa waliobaki. Wengine walitoroka na bunduki au nguo, wakawaacha wenzao bila posho. Malipo ya awali, ambayo katika miaka ya 1870 yalikuwa desturi kwa waungwana wa pwani waliolipwa kama riale 5 kwa mwezi, yalimshawishi mtu mwenye nia mbaya achukue na kupotea. Walikuwapo watu wa namna hiyo, kama walivyo katika kazi yoyote. Ila wapagazi walikuwa na njia nyingine kabla ya kutoroka, na waliitumia waziwazi: waliweka mizigo chini, wakakaa, wakakataa kuinuka mpaka posho iongezwe au siku ya mapumziko itolewe. Kiongozi mwenye masikio alisikia hapo. Asiyesikia aliamka asubuhi akakuta marobota yamelala na wenyewe hawapo.

Waliobaki

Kuna kisa kinachothibitisha haya kuliko hoja yoyote. Mwaka 1866 Livingstone aliachwa na watu wa kisiwa cha Anjouan, wakiongozwa na Musa, ambao walifika Unguja na habari ya uongo kwamba ameuawa. Miaka saba baadaye, Mei 1873, Livingstone alifariki kweli katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, walikuwa na kila nafasi ya kuondoka. Bwana wao amekufa, hakuna wa kuwachapa, wala wa kuwalipa. Waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, wakaubeba uliobaki kuelekea pwani.

Kwihara, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyewashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Wakavuka nyanda hizi za kati, nchi ileile iliyovunja msafara wa Speke, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Manowari ya Uingereza iliuchukua mwili, nao wengi wakalipwa ujira wao na kuambiwa kwaheri.

Watu wale walitoka katika jamii zilezile, walikula posho ileile na kubeba mizigo kwenye njia ileile. Tofauti ilikuwa kwamba safari ile ilikuwa yao. Wao ndio walioiamua, wakachagua njia na kugawana kazi. Anayesema Mwafrika wa misafara hakuwa na uvumilivu asome habari ya miezi hiyo tisa.

Hamsa ishirini

Kilimatinde iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukiangalia mashariki unaiona mbuga ya Bahi imetandazwa chini yako, na nyuma yako, kuelekea Itigi, kinaanza kichaka kizito kinachokukumbusha kwa nini Mgunda Mkali uliogopwa. Wajerumani walijenga boma hapa, kama walivyofanya Mpwapwa tangu 1889. Pamoja na maboma yalikuja maandishi. Amri ya kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na wazee wetu wakaipa adhabu hiyo jina lililodumu, hamsa ishirini. Marekani ilikuwa imefuta viboko manowarini karibu miaka hamsini kabla. Kwetu ndiyo kwanza viliandikwa katika sheria.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na misafara ya njia hii ikafa kwa muda mfupi. Wengi walidhani kazi ya kubeba mizigo kwa mabega imekwisha. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1916 majeshi yalipambana Kondoa, ambako Wajerumani walitumia mzinga uliotolewa katika manowari yao Königsberg, iliyoteketea Rufiji mwaka uliotangulia. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma. Vita viliposogea kusini, penye barabara mbovu na mbung'o walioua farasi na ng'ombe, pande zote mbili zilirudi kwa mpagazi.

Safari hii hakukuwa na mapatano ya ujira. Watu walikamatwa vijijini. Upande wa Waingereza, malipo ya wapagazi wa jeshi yalipunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi, wakavishwa namba shingoni au mkononi, na aliyetoroka alichapwa viboko. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Ugogo ulilipa mara mbili. Majeshi yalichukua wanaume, yakachukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa. Mwanamume aliyetoroka jeshini mwaka 1917 akarudi kulima shamba lake, au kuwatafutia watoto wake chakula, aliandikwa mtoro katika daftari la serikali. Kwa familia yake alikuwa baba. Sioni ugumu wowote wa kuchagua hukumu ipi ni ya haki.

Kibao kisichoandikwa bado

Julai 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya saa chache katika nchi ambayo wapagazi waliivuka kwa miezi. Bihawana kuna mashamba ya zabibu, Mvumi kuna hospitali, na Dodoma ni makao makuu ya nchi. Njia ya zamani inafunikwa haraka na viwanja, barabara na nyumba.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya kuomba Urithi wa Dunia wa UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili kati ya hivyo, Mpwapwa na Kilimatinde, viko katika nyanda hizi. Siku moja vitawekewa vibao na maelezo, na watoto wa shule wataletwa kuvisoma. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na watoro wa njia hii hawakuacha kitabu wala barua ya kujitetea.

Kwa hiyo ninawaomba watu wa makumbusho, walimu wa historia, halmashauri za Mpwapwa na Manyoni, na wazee wa Ugogo wenye masimulizi ya Mtunya na ya misafara: vibao hivyo vitakapoandikwa, visiishie kwa Burton, Speke na Stanley. Viandikwe kwamba hapa walipita maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo na watu wa pwani, waliobeba biashara ya nusu ya Afrika Mashariki mabegani. Viandikwe uzito wa robota na kipimo cha posho. Na iandikwe pia kwamba wengine wao, waliponyimwa chakula, ujira na heshima, waliuweka mzigo chini wakaenda zao, na kwamba walikuwa na haki ya kufanya hivyo.